Siku Tano za Kuwa Vanderlaan

Naanza kwa Bismillahi,
Mola asiye shabihi,
Aumbaye kwa sahihi
Mikono na nyoyo pia.

Mtume tumsalie,
Rehema zimfikie,
Na aali tuwatie
Katika dua ya nia.

Ama baada ya hayo, sifa zote ni Zake aliyempa mja mikono miwili, kisha akaufanya mmoja mwepesi na mwenziwe mzito, ili mwenye nguvu ajue ana upungufu. Habari hii ni ya nyumba moja katika mji wa Kellerton, jimbo la Indiana, ambako watu hukuuliza kwanza matokeo ya mpira wa kikapu, halafu hali ya hewa, na mgonjwa wako humuulizia mwisho. Na kwa kuwa habari isiyotaja watu wake ni nyumba isiyo na mlango, tuwataje kwa taratibu.

Wa kwanza ni Luqman Pettiford, mwenye nyumba, mtu wa miaka hamsini na minne, mrefu, mchache wa maneno. Kazi yake ni kulitunza jumba la michezo la Chuo cha Kellerton, na siku za mechi ndiye apitaye na dekio pana kupangusa jasho la wachezaji chini ya kikapu. Chuo huwasomesha bila karo watoto wa wafanyakazi wake, na kwa mlango huo aliingia mwanawe. Wa pili ni mkewe Naima, ambaye pai zake za maharagwe huisha msikitini siku ya Ijumaa kabla imamu hajakunja msala. Wa tatu ni Idris, mwana wao wa miaka ishirini na mmoja, aliye mwaka wa mwisho chuoni. Wa nne ni binti yao Sumayya, mwenye miaka kumi na minne na ulimi wa miaka arubaini. Na nje ya nyumba, lakini kila Jumapili mezani, yuko Dawud, nduguye Naima, fundi umeme, mtu wa mzaha na moyo mpana.

Idris alikuwa katika timu ya chuo kwa miaka minne na hakuwahi kucheza mechi hata moja. Alikuwa na kazi yake, na wasioujua mchezo huo hawaijui kazi hiyo. Kila wiki, mechi inapokaribia, mtu mmoja katika mazoezi hufanywa kuwa nyota wa timu pinzani. Huvaa namba yake, hutembea mwendo wake, hurusha mipira kama yeye, ili wachezaji wa kwanza wamzoee adui kabla ya kukutana naye. Kazi hiyo ilikuwa ya Idris. Kwa miaka minne alikuwa amekuwa watu zaidi ya mia, wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumapili moja, chakula cha mchana kilipokwisha, Luqman alisogeza sahani akalitoa jambo alilokuwa nalo kifuani tangu Ijumaa. Mlangoni pa msikiti, Ndugu Abdul-Hakim alikuwa amemuuliza mbele za watu, "Ndugu Luqman, kijana wako juzi kapata pointi ngapi?" Luqman alijibu kwamba mwanawe hucheza ulinzi. "Ulinzi wa nini? Wa chupa za maji?" Watu walicheka, naye Luqman alicheka nao, kwani asiyecheka na wamchekao huchekwa mara mbili.

"Idris," alisema sasa.

"Naam, baba."

"Miaka minne. Nimepangusa jasho la kila mtu pale uwanjani. Lako sijalipangusa hata tone."

"La mazoezini unalipangusa kila siku, baba."

"La mazoezini ni la watu. Leo unatoka jasho la huyu, kesho la yule. Mimi nauliza la mwanangu."

Dawud alikohoa. "Idris, mjomba wako sina maneno mengi, unanijua."

"Tunakujua," alisema Sumayya.

"Wewe nyamaza, kasuku. Idris, darasa la wanagenzi wa umeme linaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nafasi imebaki moja, nimeishika kwa meno. La Mei linagombewa na watu mia, huko sina ubavu."

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya mazoezi. Kila mtu mezani alilijua hilo.

"Sikuvunji moyo," alisema Luqman. "Nakuwekea mpaka. Jumamosi mnacheza na Saint Brannock, hapa nyumbani. Ukikanyaga uwanja, hata dakika moja, sitafungua kinywa mpaka msimu uishe. Usipokanyaga, Jumatatu unarudisha jezi na jioni uko darasani kwa mjomba wako."

Idris alimtazama mama yake. Naima alikuwa akiifuta meza mahali palipokwisha kuwa safi.

"Nakubali, baba," alisema Idris. "Nakuahidi."

*

Mtu wa kuigizwa wiki hiyo alikuwa Colby Vanderlaan, mfungaji wa Saint Brannock, kijana wa mkono wa kushoto. Na tusemapo wa kushoto tusidhani ni wa kushoto kama watu wengine wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa kubebea begi tu. Katika kila vikapu kumi alivyofunga, tisa vilitoka kushoto, na jimbo zima lilijua. Na pamoja na kujua kote huko, kila timu iliyokutana naye ilifungwa pointi ishirini na zaidi.

Kocha Prather, mtu mnene mwenye sauti ya mnadi wa ng'ombe, aliwakusanya vijana Jumatatu. "Huyu ana mlango mmoja," alisema. "Tunaufunga. Mpelekeni kulia. Kulia hana kitu! Ensley, nimekwambiaje?"

"Kulia hana kitu, Kocha."

Brock Ensley ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba Vanderlaan. Alikuwa nahodha, mtoto wa wakulima wa mahindi, kifua kama mlango wa ghala, mkabaji bora kuliko wote pale. Idris alivishwa fulana ya njano yenye namba ya Vanderlaan, na mkono wake wa kulia ukatiwa ndani ya soksi mbili nene zilizofungwa kwa utepe, usiweze kushika kitu ila kuudunda mpira kwa shida.

Kijana huyu alikuwa mtu wa kuifanya kazi kwa ukamilifu, hata kazi isiyo na shukrani. Alikesha na video za Vanderlaan. Nyumbani alipiga mswaki kwa kushoto, alifungua milango kwa kushoto, alijifunza kuandika kwa kushoto mpaka Sumayya akamwambia mwandiko wake sasa unafanana na wa daktari. Mezani tu ndipo alipozuiwa. Jumatatu usiku aliponyanyua kijiko kwa mkono ule, Naima alikipiga kijiko kikaanguka.

"Huyo Vanderlaan wako akija kula kwangu na ale kwa kulia!"

"Mama, nafanya mazoezi."

"Fanya mazoezi ya kutafuna."

Jumanne na Jumatano likatokea jambo lisilotazamiwa. Idris, aliyetiwa soksi, alimfunga Ensley atakavyo. Ensley alimzuia kushoto kama alivyoagizwa, Idris akaenda kulia, na baada ya hatua mbili mpira ulikuwa tena kushoto na kikapu kimeingia. Kocha alipiga filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Aliwaita wachezaji wake wavivu, mabibi harusi, magunia ya viazi. Aliamrisha wakimbie uwanja mara ishirini.

Walipokuwa wakikimbia, Idris alisimama akiutazama mkono wake uliofungwa, na maana ikamjia taratibu, kama maji ya moto yanavyopanda katika bomba wakati wa baridi. Watu wote walihesabu mkono unaofunga. Hakuna aliyetazama mwili unakotaka kwenda. Alipolazimishwa kulia, miguu yake ilikwenda, lakini bega, kiuno na jicho vilibaki vikingoja kurudi. Na mkabaji, akiona adui ameelekea upande mbovu, hufurahi. Hukimbilia mbele kumzibia, huufungua mwili wake, hujiona amemaliza kazi. Papo hapo adui hukita mguu wa kulia, hugeuka kwa mgongo, hurudi kushoto kwake, na mlango ambao mkabaji alidhani ameufunga, adui anaukuta hauna mlinzi. Wote walimfukuza kulia kama mtu afukuzaye kuku kutoka bandani, wakasahau kwamba kuku hurudi bandani mwenyewe.

Dawa ilikuwa nyepesi. Mwache aende kulia peke yake. Usimfuate kwa pupa. Kaa ubavuni kwake upande wa kushoto, kifua wazi, subira. Atarudi, na akirudi akukute.

*

"Kwa hiyo umeijua siri," alisema Dawud Jumatano hiyo jioni. Alikuwa amepita kurekebisha taa ya jikoni, na taa ilikuwa bado inamemetameta. "Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Vizuri! Funga mdomo. Ensley akikaba vile Jumamosi atatobolewa kama chujio. Atapata faulo tatu kabla ya mapumziko. Kocha ataangaza macho benchi, atamwona nani? Aliyekuwa Vanderlaan wiki nzima. Mlango huo wako, kijana. Utakanyaga uwanja na baba yako atakula maneno yake."

"Wewe si ndiye unamtaka kwenye umeme?" aliuliza Naima.

"Namtaka. Lakini nampenda kuliko ninavyomtaka."

Idris aligeuka. "Baba, wewe unasemaje?"

Luqman alikuwa akikata vitunguu, machozi yakimlengalenga. Alisita kisu mkononi. "Usiniulize mimi. Ukisema, hupati kucheza, na mpaka niliokuwekea unanifaa mimi. Shahidi mwenye faida hasikilizwi."

"Lakini una rai."

"Ninayo. Naihifadhi."

Naima ndiye aliyeketi mbele ya mwanawe. "Nikuulize moja tu. Ensley ukimwona anaingia kwenye barabara yenye barafu na wewe ndiye uliyeteleza hapo jana, ungemwambia?"

"Ningemwambia."

"Hata kama akianguka wewe unapata kiti chake?"

Idris alikunja uso. Sumayya, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema, "Amekunja uso, mama. Maana yake atasema."

*

Alhamisi kabla ya mazoezi Idris alibisha mlango wa ofisi ya kocha. Prather alikuwa anakula mkate wa nyama juu ya karatasi za michoro.

"Kocha, kuhusu Vanderlaan. Nadhani tunamkaba vibaya."

"Nani anadhani?"

"Mimi."

Aliieleza habari yake yote, akiwa amesimama, kwani hakukaribishwa kiti. Kocha alitafuna mpaka akamaliza.

"Pettiford, nakupenda. Wewe ni kijana mwema, na baba yako anatuwekea sakafu safi kama kioo. Lakini kazi yako ni kuwa Vanderlaan. Kazi ya kuwa Prather ina mtu tayari. Nifungie mlango ukitoka."

Alimfuata Ensley chumba cha kubadilishia nguo. Ensley alikuwa anafunga kamba za viatu, na wenzake wawili walikuwa karibu.

"Brock, akienda kulia usimkimbilie. Anarudi kushoto kwa mgongo. Kaa ubavuni mwake, mngoje."

"Petti, ndugu yangu," Ensley alicheka, wala si kwa ubaya, "unanifunga kwa sababu unajua mazoezi yetu yote. Yule hayajui. Unataka kunifundisha kukaba, wewe ambaye hata jasho la mechi hulijui?"

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja alimrushia Idris taulo. "Vanderlaan, tuwekee sahihi hapa!"

Idris aliishika taulo kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea, nao wakacheka tena. Alitia mkono wake wa kulia ndani ya soksi akatoka kwenda kufanya kazi yake. Alihisi aibu mpaka masikioni, lakini kifuani palikuwa pamepungua uzito. Amana ilikuwa imefikishwa, na aliyeikataa ndiye mwenye mzigo.

*

Jumamosi saa tisa alasiri jumba lilijaa watu elfu mbili, na theluji waliyokuja nayo viatuni ikayeyuka ngazini. Naima, Sumayya na Dawud waliketi juu kabisa karibu na ukuta. Luqman alisimama pembeni ya kikapu cha mashariki na dekio lake. Idris alikaa kiti cha mwisho cha benchi.

Vanderlaan alikuwa mwembamba, mwenye uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Mara ya kwanza aliposhika mpira, Ensley alimzibia kushoto na mashabiki wakapiga kelele za furaha. Akaenda kulia. Ensley akakimbilia kulia. Akageuka kwa mgongo, akaurudisha mpira kushoto, akauweka kikapuni polepole kama mtu anayetia barua sandukuni.

"Bahati!" Kocha alinguruma. "Kulia! Mpeleke kulia!"

Alipelekwa kulia mara ya pili, ya tatu na ya saba. Kila mara alirudi. Ensley, kwa kuchelewa, alianza kumshika, na mwamuzi akaanza kumpigia filimbi. Faulo ya kwanza. Ya pili. Zilipobaki dakika tatu kabla ya mapumziko, ya tatu. Vanderlaan alikuwa na pointi kumi na tisa, na Kellerton ilikuwa nyuma kwa kumi na moja. Mtu mmoja nyuma ya benchi alipaza sauti, "Ensley, mwulize anakwenda wapi, labda atakwambia!"

Kocha aliangaza macho benchi. Yalipita kila kiti, yakafika kiti cha mwisho, yakatua. Idris aliyaona. Kule juu Dawud alimshika Naima mkono. "Si nilisema? Si nilisema?" Lakini macho yale yaliondoka, Kocha akamwita mwingine, naye akafungwa vilevile, na honi ya mapumziko ikalia.

Kocha alipokwisha kupiga kelele chumbani, zilikuwa zimebaki dakika saba. Idris alitoka kwenda kunywa maji. Katika ujia mwembamba nyuma ya viti, Ensley alimkuta. Jasho lilikuwa likimtiririka, na kiburi chote kilikuwa kimemtoka.

"Petti. Nionyeshe."

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa, wala haukuwa siku ya Alhamisi. Alhamisi siri ilikuwa haina thamani kwa aliyeisikia. Sasa Ensley alikuwa na faulo tatu, mbili nyingine zingemtoa uwanjani, na macho ya kocha yalikwisha kufika kiti cha mwisho mara moja. Idris aliweza kusema, "Kocha alisema mpeleke kulia," na asingekuwa amesema uongo.

Aliweka chupa ya maji chini. "Njoo hapa. Mimi ndiye yeye. Nizibie kushoto."

Alidunda mpira ambao haukuwepo. Ensley alimkimbilia, Idris akageuka, akapita.

"Umeona? Umefurahi mapema. Nikienda kulia wewe unasherehekea. Usisherehekee. Tena."

"Hivi?"

"Mguu huo unakimbia. Kaa nyumbani. Bega lako kwenye mbavu zangu, mikono juu, usinishike. Nitarudi tu. Sina pa kwenda."

"Na nikikuacha uende kulia halafu ukafunga kulia?"

"Nikifunga kulia, nipigie makofi. Tena."

Walirudia mara sita, saba. Mara ya nane Idris aligeuka na kukikuta kifua cha Ensley mbele yake, kikubwa, kimetulia, mikono juu. Hapakuwa na njia.

"Eh!" alisema Ensley. "Eh, Petti!"

Nyuma yao magurudumu ya ndoo yalilia. Luqman alikuwa amesimama na dekio, akiwa anapita kwenda kubadili maji. Haijulikani alikuwa hapo tangu lini. Ensley alisema, "Samahani, mzee, tumeziba njia," akapita mbio. Baba na mwana walitazamana.

"Sakafu yako iko kavu?" aliuliza Luqman, akimwonyesha kifuani.

"Kavu, baba."

"Nenda basi. Wanaingia."

*

Nusu ya pili, Vanderlaan alikwenda kulia na Ensley hakumfuata. Alibaki ubavuni mwake, mtulivu. Vanderlaan akageuka kurudi kushoto, akagonga kifua cha mtu. Alirusha mpira akiwa ameegemea nyuma, ukapiga ubao, ukatoka. Safari iliyofuata akakuta vilevile. Ya tatu alisimama na mpira mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, na usoni pake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaamka kabisa. Alijaribu kufunga kwa mkono wa kulia. Mpira ulipita juu ya kikapu ukamwangukia mpiga tarumbeta wa bendi.

"Nyumbani!" alikuwa akisema Idris kwenye kiti chake, kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma nyiradi. "Kaa nyumbani. Anarudi. Anarudi."

Luqman alisimama pembeni ya kikapu. Kwa miaka mingi aliutazama mchezo ule kwa kutazama sakafu, wapi pamelowa, wapi patamtelezesha mtu. Leo alitazama miguu ya Ensley, na katika miguu ile aliiona miguu aliyoifundisha kutembea mwenyewe, sebuleni, kati ya kochi na meza. Alisahau kupangusa. Mwamuzi alilazimika kumwita. "Mzee! Jasho hapa!"

Vanderlaan alipata pointi nne tu nusu nzima. Kellerton ilisawazisha, ikatangulia, na zilipobaki dakika mbili ilikuwa mbele kwa kumi na nne. Kocha wa Saint Brannock aliketi akakunja mikono, akawaashiria vijana wake wasimfanyie mtu faulo, mambo yamekwisha. Na Kocha Prather, uso umemlainika kwa ushindi, alinyoosha kidole mwisho wa benchi.

"Pettiford! Ingia."

Kule juu Naima alisimama. Idris alivua fulana ya juu, ikamkwama kichwani, wenzake wakamvuta nayo kwa vicheko, akakimbilia meza ya waandishi wa alama, akapiga goti mbele yake kama ilivyo desturi. Mbadala haingii mpaka mpira usimame. Zilikuwa zimebaki sekunde themanini na tano.

Mpira haukusimama. Kellerton waliuzungusha taratibu. Walirusha, ukakosa, Saint Brannock wakauchukua, wakarusha nao bila nia, ukakosa. Sekunde hamsini. Hakuna aliyeshika mtu, hakuna aliyetoa mpira nje. "Utoeni nje!" Sumayya alipiga ukelele. "Jamani, mmoja autoe nje!" Ensley aliuelewa ukelele huo au aliuelewa moyo wake mwenyewe, kwani alipopata mpira aliupiga kwa makusudi kuelekea nje ya mstari. Kijana mmoja wa Saint Brannock, mwenye bidii isiyo na sababu, aliruka akauokoa. Sekunde kumi. Idris alikuwa bado amepiga goti, vidole kwenye mstari. Honi ikalia.

Watu walimwagika uwanjani. Naye akainuka, akakung'uta goti, akawapigia wenzake makofi.

*

Katika ujia, mwandishi wa gazeti la mji alimwekea kocha kinasa sauti. "Kocha, nusu ya pili mlibadili nini?"

"Mapumzikoni tulirekebisha mambo," alisema Prather. "Ndiyo kazi ya makocha. Unaona jambo, unalirekebisha."

Luqman alikuwa hatua tatu kutoka hapo akikamua dekio. Alikamua kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, kisha akaliweka begani akaenda. Ensley, taulo shingoni, alimpita kocha na mwandishi wake bila kusimama, akamshika Idris kisogoni kwa kiganja chake kipana, akampiga paji la uso kwa paji la uso, akaondoka. Idris hakuhitaji zaidi.

Baba na mwana waliswali alasiri katika stoo ya vifaa, kati ya ndoo na makopo ya nta, kabla jua halijazama. Kisha wakaenda nyumbani kila mmoja na mawazo yake.

Baada ya magharibi meza ilijaa kuku, mboga za majani, mkate wa mahindi na pai nzima ya maharagwe ambayo Naima alikataa kuiuza. Watu walikula kwanza. Sumayya ndiye asiyeweza kuvumilia.

"Mimi nasema alikanyaga. Vidole vilikuwa kwenye mstari. Mstari ni uwanja!"

"Mstari ni nje," alisema Dawud. "Uliza mwamuzi yeyote."

"Mjomba, wewe upo upande wa nani?"

"Upande wa mstari."

"Goti je? Goti lilivuka."

"Sharti lilikuwa kukanyaga. Goti halikanyagi, mtoto."

Idris aliweka kijiko chini. "Sikukanyaga, baba. Tuliahidiana. Jumatatu nitarudisha jezi, na jioni nitakuwa darasani."

Luqman alipangusa mikono yake, kidole baada ya kidole, kwa muda mrefu.

"Hukukanyaga," alisema. "Kweli. Na ahadi umeitimiza, umenipa. Nimeipokea mbele ya mashahidi hawa. Sasa ni yangu, au si yangu?"

"Ni yako, baba."

"Na mtu akipewa kitu kikawa chake, si anaweza kukitoa zawadi amtakaye?" Alimsogezea mwanawe sahani ya pai. "Chukua. Nakupa. Maliza msimu wako."

Naima aliinamisha uso. Dawud alijikuna kidevu. "Luqman, darasa hili likipita, la Mei siahidi. Nilisema watu mia."

"Mwandikishe awe wa mia na moja."

"Na Ndugu Abdul-Hakim Ijumaa?"

"Ijumaa ataniuliza pointi ngapi, nami nitamwambia sifuri." Luqman alitabasamu, jambo lililowashangaza wote wanne. "Kisha nitamwomba anisogelee nimwonyeshe jinsi mtu wa kushoto anavyokabwa. Idris, inuka. Ule mguu wa nyuma sikuuona vizuri."

Wakasimama kati ya meza na jokofu, baba akiwa Vanderlaan, mwana akiwa mkabaji, na Luqman alipogeuka kwa mgongo kurudi kushoto alikikuta kifua cha mwanawe kikimngoja. Alijaribu tena. Alijaribu kwa hila. Naima aliokoa bakuli.

"Na wiki ijayo wewe ni nani?" aliuliza Luqman, akihema.

"Mtu wa Dunmore, baba. Ana futi saba."

"Na wewe una ngapi?"

"Sita na inchi moja."

"Basi kula," alisema Naima. "Una siku tano."

Ewe Mola uonaye kinachoandikwa na kisichoandikwa, wabariki waliomo katika nyumba ile: baba katika sakafu yake, mama katika jiko lake, binti katika ulimi wake, mjomba katika nyaya zake, na kijana katika kazi yake isiyo na jina. Wape wale wote wanaowafaa wenzao kutoka viti vya mwisho riziki ya halali, vifua vyepesi na wazazi wenye macho ya kuona. Na sisi tuliosalia nyuma yao, tujaalie mwisho mwema. Amin.